«Iko na kitu?» Kutoa baruti ndani ya gobori bila kuipiga

Katika mikutano yetu, mazungumzo yakifika tu kwenye bunduki za wazee, kila mtu anasimulia mlio. Mmoja anasimulia tembo aliyeanguka, mwingine vita vya Wangwana na Wabeleji, mwingine milio iliyopigwa siku mfalme alipozikwa. Hakuna anayesimulia jioni ambayo mwindaji alirudi mikono mitupu, bunduki yake ikiwa ingali imejaa, akakaa nyuma ya nyumba na kutoa yote yaliyokuwa ndani pole pole, bila jirani hata mmoja kusikia kitu. Sisi tunaona kazi ile ya kimya ndiyo iliyomtambulisha mwenye bunduki wa kweli. Kupiga, hata mtoto anaweza kupiga.

Tena tunaandika kwa sababu jambo lenyewe halijakwisha. Bunduki hizi bado zimelala juu ya dari, nyuma ya makabati, katika nyumba za wazee waliokufa. Siku ya kugawa mali, mtu anaishusha moja, anapangusa vumbi, anachungulia ndani ya mdomo wake, watoto wamemzunguka. Swali ambalo mzee angeliuliza kwanza, «Iko na kitu?», hakuna anayeliuliza. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Miaka 10, 50, hata 100 inaweza kupita, na cheche ikiifikia itawaka sawa na siku iliyomiminwa.

Tuseme kwanza ni bunduki gani. Ni ile inayojazwa kwa mdomo, siyo kwa nyuma. Kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa gobori ao gobore. Ile ya jiwe la moto inaitwa gumegume. Na huku Katanga wawindaji wanaiita pupu, jina ambalo hata wenye kuandika Kifaransa wamelichukua, wakiliandika poupou. Mtutu wake ni bomba lililozibwa upande wa nyuma. Kitu kikiingia kinaingia kwa mdomo, na kikitoka kinatoka kwa mdomo huo huo. Karibu na ule upande uliozibwa kuna kitundu chembamba kinachopeleka moto ndani. Kwa gumegume, kitundu hicho kinafunguka kwenye kisahani cha chuma ambamo baruti kidogo inamwagwa. Jiwe likigonga chuma, cheche zinaangukia humo. Kwa bunduki ya fataki kuna kifa, yaani chuchu ndogo ya chuma yenye tundu katikati. Juu yake inavikwa fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa na nyundo. Chini ya mtutu unakaa mdeki, ile fimbo ya chuma ao ya mti ya kushindilia. Mdeki tutautaja sana, maana kazi yote ya kutoa inaanzia kwake na kuishia kwake.

Bunduki hizi zilitufikia kutoka bahari mbili. Kutoka mashariki zilikuja na misafara ya Zanzibar na Bagamoyo, kupitia Tabora na Ujiji, mpaka Kasongo na Nyangwe. Livingstone alikuwa Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, na aliona kwa macho yake namna watu wenye bunduki walivyofyatua ndani ya soko lililojaa wanawake. Waliokufa kwa risasi na waliozama ndani ya Lualaba walihesabiwa kwa mamia. Hata jina la Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, wengine wanasema lilitokana na mlio wa bunduki za watu wake, ingawa wengine wanasema ni kupepesa macho tu. Kutoka magharibi, wafanyabiashara Ovimbundu wa Bihe walileta bunduki na baruti za Benguela hadi Katanga. Msiri, mfalme wa Garenganze, alikuwa katikati ya njia hizo mbili, na huko Bunkeya alinunua pande zote kwa shaba, kwa pembe za tembo, na kwa watu. Hilo la watu tusilifiche.

Nyingi zilikuwa bunduki za biashara, zilizotengenezwa kwa bei ndogo, na mji wa Liège, Ubeleji, ulizifua kwa wingi sana. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, bila ile mifuo ya kuzungusha risasi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yaliweka sahihi kwenye Mkataba wa Brussels, yakakataza silaha mpya zisiingie katika Afrika kati ya nyuzi 20 za kaskazini na nyuzi 22 za kusini. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida iliyoitwa baruti ya biashara. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameacha jiwe la moto tangu miaka mingi. Kwa hiyo waliona si hatari kwao, na babu zetu wakaendelea kuuziwa kitu ambacho wauzaji wenyewe wasingekubali kwenda nacho vitani.

Bunduki ilikuwapo basi, lakini baruti ilikuwa jambo lingine. Ilitoka mbali kwa vichwa vya wapagazi, ikilowa njiani, ikiuzwa ghali kila ilipopita mkono mpya. Msiri mwenyewe, Basanga walipomwasi mwaka 1891, alikuwa na uhitaji mkubwa wa baruti. Tarehe 20 Desemba mwaka ule aliuawa na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, na watu wa msafara ule walikuwa na bunduki za kujazwa kwa nyuma.

Tofauti kati ya mbele na nyuma si ndogo. Chukua Albini ya askari wa Force Publique. Ukitaka kuitoa risasi unaifungua nyuma, unaichomoa, unaitia mfukoni, imekwisha. Na risasi hizo zilihesabiwa kwa ukatili ambao nchi nzima inaujua, mkono wa mtu ukiletwa kwa kila risasi iliyotumika. Makapita wa makampuni ya mpira, wale waliokaa vijijini, wengi walipewa bunduki za fataki za kujazwa kwa mdomo. Bunduki ya namna hiyo hairudishi kwa urahisi kile ilichomeza. Wazungu wakaondoka na Albini zao, na ile ya mdomo ikabaki kwetu, mikononi mwa wawindaji. Kisha mafundi wa chuma wakaanza kutengeneza zao wenyewe, wakitumia mabomba ya maji ao bomba la usukani wa gari bovu.

Sasa tuone namna ilivyojazwa, maana asiyejua kilivyoingia hatajua kukitoa. Kwanza baruti, iliyopimwa kwa kipimo cha pembe ao cha mwanzi. Kisha kizibo: nyuzi za maganda ya mti, majani makavu, ao kipande cha kitambaa, kikashindiliwa kwa mdeki mpaka kikae sawa juu ya baruti. Kisha risasi. Mwenye nacho alitia risasi moja ya duara. Mwenye kuwinda ndege alitia marisau. Asiye na kitu alitia vipande vya chuma, vichwa vya misumari, na hata kokoto. Mwisho kizibo cha pili, ili vitu visimwagike njiani wakati bunduki imeinama begani. Fataki, ao baruti ya kisahani, iliwekwa mwisho kabisa, tena kwa mwenye akili iliwekwa pale tu mnyama alipokuwa karibu.

Mtu aliyetembea siku nzima bila kukutana na mnyama alirudi na vyote hivyo ndani. Kwa nini asipige juu tu, akaenda kulala?

Sababu ya kwanza tumeishaigusa: baruti ni mali. Kipimo kimoja kilichotolewa kikavu kilirudi ndani ya kibuyu, risasi ikarudi ndani ya mkoba. Mwenye kupiga juu alirusha hewani kile alichokinunua kwa kuku.

Sababu ya pili ni kwamba mlio ni neno. Katika kijiji, bunduki ikilia jioni, watu wanasimama. Nani amekufa? Nani amevamia? Mkubwa gani amefika? Pale ambapo kifo cha mfalme kinatangazwa kwa bunduki, mtu hawezi kulia ovyo sababu tu anataka kusafisha mtutu wake. Angeliitwa mbele ya wazee, na angelipa.

Sababu ya tatu wengi wa leo hawaijui. Baruti nyeusi ikiungua inaacha masizi mengi, na masizi hayo yanavuta maji ya hewa na kula chuma. Bunduki iliyopigwa mara moja inadai kuoshwa kwa maji usiku ule ule, ikaushwe, ipakwe mafuta. Asiyefanya hivyo, asubuhi anakuta kutu. Kwa hiyo kupiga ili kuipa bunduki utupu ni kujipa kazi badala ya kujiondolea. Iliyotolewa bila kupigwa inabaki safi.

Tena kuna mvua. Bunduki ikinyeshewa inakataa: nyundo inagonga, fataki inalia, na ndani hakuna jibu. Hapo mwenye haraka alijidhuru. Pengine moto umeingia na unatembea pole pole ndani ya baruti yenye unyevu. Unahesabu moja, mbili, tatu, na ghafula inalia. Wenye kujua waliendelea kuishika vile vile, mdomo wake ukitazama pale ulipokuwa unatazama, dakika kadhaa zikapita, ndipo wakaishusha. Na ikiwa imekataa kabisa, hakuna njia ya kuipiga hata ukitaka. Lazima itolewe.

Mbaya kupita zote ni kujaza mara mbili. Mtu anasahau kwamba imejaa, ao anafikiri ililia kumbe ilikataa, anamimina kipimo kingine juu ya kile cha kwanza. Mtutu wa bomba la maji hauvumilii. Watu wasidhani kwamba ni ujinga wa wanakijiji. Huko Marekani, baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863, bunduki zaidi ya 27,000 ziliokotwa uwanjani, nyingi za kujazwa kwa mdomo. Karibu 24,000 zilikutwa zimejaa. Kama nusu ya hizo zilikuwa na mijazo miwili, na nyingine nyingi kutoka mitatu mpaka kumi. Wale walikuwa askari waliofundishwa kazi hiyo kila siku. Ndani ya kelele na moshi hawakusikia kama bunduki zao zilikuwa zinalia ao zinakataa.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tunaieleza kama tulivyoisikia kwa wawindaji na kama mafundi wa bunduki mahali pengine wanavyoieleza, maana katika jambo hili wanapatana kwa ajabu. Chuma ni kile kile.

Kwanza, moto unaondolewa. Mdomo wa bunduki unaelekezwa pasipo na mtu, ardhi laini ao kichuguu, na tangu dakika hiyo haugeuki. Nyundo inarudishwa nyuma kwa kidole gumba, nusu ya njia, pale inapojifunga. Fataki inatolewa juu ya kifa. Kwa gumegume, kisahani kinafunguliwa, baruti yake inapulizwa na kufutwa, na ndani ya kitundu kinachomekwa kijiti cha mti ao unyoya wa kuku ili cheche yoyote isipite. Hakuna anayegusa mdeki kabla ya hapo. Moto wa sigara, taa ya mafuta, jiko la makaa, vyote vinakaa mbali. Mwenye kiko alikiacha kwa mke wake.

Pili, kupima. Hapa ndipo lile swali, «Iko na kitu?», linapojibiwa, na jibu halitoki kinywani mwa mtu yeyote. Mdeki unaingizwa pole pole mpaka ukwame. Pale unapofika mdomoni unatiwa alama, kwa makaa ao kwa ukucha. Kisha unatolewa na kulazwa nje, kando ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha yake ikifika kwenye kitundu cha moto ao kwenye kifa, bunduki ni tupu. Ikiishia mbele, vidole vitatu ao vinne kabla ya kitundu, basi nafasi hiyo inakaliwa na kitu. Ikiishia mbali zaidi, kiganja kizima, ujue kuna mijazo miwili, ao takataka nyingi. Masikio nayo yanasaidia: mdeki wa chuma ukiangushwa taratibu ndani ya mtutu mtupu unalia kama kengele, chuma kwa chuma, ukiangukia kizibo unasema dup, halafu kimya. Lakini sauti inadanganya, hasa pakiwa na kutu. Alama haidanganyi.

Katika kazi hii yote mkono haupiti mbele ya mdomo. Mdeki unashikwa kwa vidole viwili, pembeni, siyo kwa kiganja wala kwa kuuegemea kifua. Kichwa kinakaa kando. Wawindaji waliokosa vidole walikuwa mafundisho yanayotembea, na kila sehemu ilikuwa na mmoja.

Tatu, maji. Hapa wazee walichagua. Bunduki iliyojazwa asubuhi ile ile na mwenyewe, baruti yake kavu na njema, ilitolewa kavu ili baruti isipotee. Lakini bunduki ya mtu mwingine, ao ya siku nyingi, ao iliyokataa, ilinyweshwa maji kwanza. Maji yanapitishwa kwenye kitundu, ao kwenye nafasi ya kifa ikiwa kifa kinakubali kufunguliwa, na mengine yanamiminwa kwa mdomo. Inaachwa imesimama, kwa iliyokaa miaka mingi siku nzima si nyingi. Maji yanayeyusha ile chumvi ya baruti, na bila chumvi hiyo baruti ni masizi tu. Mafuta hayafanyi kazi hiyo, ingawa watu wanayapenda sababu hayaleti kutu. Baruti iliyopakwa mafuta inaweza kuwaka bado. Tena maji si ruhusa ya kuiacha. Baruti iliyolowa kidogo ikarudi kukauka ndani ya mtutu inaweza kupata nguvu tena, na chuma kitakuwa kimeanza kuoza juu yake. Ukiinywesha, uitoe.

Nne, kutoa. Kwenye ncha ya mdeki kuna ufito wa chuma uliosokotwa, wenye meno mawili, kama mikia miwili ya nge inayokumbatiana. Mwingine aliutengeneza kwa waya ngumu. Unaingizwa, unazungushwa taratibu mpaka meno yashike kizibo cha juu, kisha unavutwa. Kizibo kikitoka, bunduki inainamishwa, mdomo chini juu ya kitambaa ao ungo, mtutu unagongwa kwa mkono, na marisau yanamwagika yenyewe. Vipande vya chuma vinatoka vile vile, vingine kwa kubishana. Kisha kizibo cha pili, kisha baruti. Ni ile ile safari ya kujaza, kwa kurudi nyuma.

Risasi moja ya duara ina tabu zaidi, hasa katika bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu, ambamo risasi imefungwa ndani ya kitambaa na kubanwa pande zote. Hapo meno mawili hayatoshi. Panatakiwa visi, ao parafujo yenye ncha kali, inayotoboa risasi ya plumbi katikati na kuingia ndani yake. Kisha mdeki unafungwa vizuri na kuvutwa, mmoja akishika bunduki na mwingine akivuta, wote wawili wakiwa kando ya mdomo. Bora ncha iwe ya shaba ao mdeki uwe wa mti, sababu chuma kikisuguana na chuma kinaweza kutoa cheche, na ndani mle si mahali pa cheche. Pupu nyingi za kwetu hazina mifuo, na hiyo ni heri. Lakini zina ubaya wao: kipande cha chuma kilichoshikwa na kutu hakitoboleki kwa visi yoyote. Mwenye kuhangaika nacho kwa nguvu anaongeza msuguano tu. Pale wazee waliacha, wakaongeza maji, wakarudi kesho.

Kuna njia moja ambayo lazima tuitaje ili ikataliwe. Bunduki ikishindikana, mtu anaipeleka kwa mhunzi, na mhunzi, ambaye siku zote chuma kigumu anakilainisha kwa moto, anaitia mtutu ndani ya makaa ili afungue kizibo cha nyuma. Mtutu uliojaa, ukitiwa ndani ya moto, unalia bila nyundo na bila fataki. Ao anaikaza kizibo hicho kwa koleo kubwa, baruti kavu ikiwa imejipenyeza kati ya mizunguko ya visi, na msuguano unafanya yaliyobaki. Mhunzi mwangalifu hakuipokea bunduki kabla ya kutia mdeki wake mwenyewe ndani, hata ikiwa mwenye bunduki ni shemeji yake na ameapa kwamba ni tupu. Sisi tunaona huo haukuwa ukosefu wa heshima hata kidogo.

Katika miaka ya 2000, Katanga ya kaskazini, baada ya vita, watu waliitwa kuleta silaha zao na kupewa baiskeli. Kalashnikov zililetwa, na pupu pia zilikuwa silaha za vita ile, kwani Mai-Mai wengi walipigana nazo. Askari anayepokea Kalashnikov anajua la kufanya: anatoa kisanduku cha risasi, anavuta chuma, anaangalia. Akishika pupu, hakuna kisanduku cha kutoa wala mahali pa kuangalia. Kuna bomba lenye giza. Asiyefundishwa ataiegemeza ukutani pamoja na nyingine, mdomo juu, na kuandika kwenye karatasi kwamba amepokea silaha moja ya kienyeji. Neno «ya kienyeji» linawafanya watu wafikiri ni kitu cha kuchezea.

Ndivyo ilivyo hata kwa bunduki zinazoingia katika makusanyo ya mila, na chama chetu kinahusika humo. Tunapenda vitu vya zamani. Tunavipokea kwa furaha, tunavipangusa, tunavitundika ili watoto wa shule waje kuviona. Bunduki ya babu wa fulani, aliyewinda kabla ya uhuru, inaweza kuwa na mjazo wake wa mwisho ndani, sababu mzee alikufa ghafula na hakuna aliyemwuliza. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yamekwisha kukuta bunduki za namna hiyo ukutani, zilizoangaliwa na wageni miaka na miaka, na ndani zimejaa.

Kwa hiyo mrithi anayeikuta gobori juu ya dari tunamwomba yafuatayo, na si mengi. Asiichungulie mdomoni. Asiivute nyundo ili kuona kama inafanya kazi. Aondoe watoto, aielekeze pasipo mtu, aangalie kama kuna fataki juu ya kifa. Ikiwa ipo, na imeshikwa na kutu, asiibandue kwa kisu; ailoweshe maji na kumwita mtu anayejua. Ikiwa haipo, mdeki na alama vitamjibu. Kukiwa na kitu ndani, kazi ya kukitoa iachiwe mwindaji mzee ao fundi, hata ikiwa ni kutembea siku mbili kumfuata. Na juu ya serikali, tunakumbusha kwamba sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi ipo. Si vizuri mtu akaificha bunduki kwa kuogopa, maana iliyofichwa ndiyo isiyopimwa.

Kwa zile zilizokwisha kupokewa na chama, tumepatana hivi: mdeki unatiwa mbele ya watu wawili, alama inaonyeshwa kwa wote wawili, kisha karatasi inafungwa kwenye kifyatuo ikiwa na tarehe na majina ya waliotazama. Bunduki isiyo na karatasi tunaihesabu kuwa imejaa, na haiingii ndani ya chumba cha watoto.